Pole na Kikohozi, Mama

Jambo moja halijapata jibu mpaka leo: redio ilijuaje kwamba mama amekohoa?

Alikohoa mara moja tu, kikohozi kikavu cha mchana, akiwa amelala na simu inayocheza redio kifuani. Mtangazaji akakatiza habari zake. "Pole na kikohozi, mama," akasema, kisha akaendelea.

Mtangazaji huyo alikuwa mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinanda tangu utotoni kwa sababu hakujua kunyamaza. Alikuwa amehamia nchi ya mbali, akapata kazi kwenye redio ndogo isiyo na mnara, inayosikika kwa mtandao tu. Kila mchana alifungua kipindi kwa kusema, "Shikamoo mama, popote ulipo." Na mama, ambaye miguu ilikuwa imekataa kumbeba, aliiitikia simu kama anayemwitikia mtu aliyesimama mbele yake: "Marahaba, mwanangu." Hata akiwa na tonge mdomoni. Binti yake, fundi cherehani aliyeshonea chumba cha pili, alizoea kumtania.

"Mama, hakusikii huyo."

"Wewe shona. Salamu haiachwi chini."

Siku ya kikohozi fundi alicheka, akayalaumu masikio yake. Kesho yake sauti ikasema, "Mama, shuka limekudondoka," na kweli shuka lilikuwa sakafuni. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Fundi akatoka uani, akampigia kaka yake.

"Kaka, uko hewani?"

"Hewani wapi? Studio hakuna umeme tangu juzi. Niko nyumbani nakunywa chai. Kwani vipi?"

Kupitia dirishani, sauti ileile ya Kinanda ilikuwa inamchekesha mama.

Mama akaacha kula. "Nimeshakula na mwanangu," alisema, na mbavu zake zikaanza kuonekana. Fundi alipoizima simu, sauti ilisemea ndani ya mto. Mto ukatupwa nje; ikasemea ukutani, kwa upole wa mtoto anayebembeleza, ikisema kwamba imechoka kukaa mbali, kwamba iko karibu kuliko wanavyodhani, kwamba nyayo zake zinaungua pale iliposimama na mama ana neno moja tu la kusema, aseme "karibu", ili iingie imkumbatie waondoke pamoja, na kila ilipofika hapo midomo ya mama ilifunguka na fundi akaiziba kwa kiganja, huku harufu ile ikimpanda puani mpaka machozi yakamtoka.

Akaletwa mganga, mtu mnene ambaye siku nyingine hutengeneza majokofu. Alinusa kona zote, akaketi.

"Huwa unaitikia salamu ya redio?" alimuuliza mama kwa sauti ya chini.

"Si ya mwanangu?"

"Mwanao hakuwa hewani. Salamu ikaja hata hivyo, nawe ukasema marahaba, mwanangu. Aliyesalimu hakuwa na mama. Sasa anaye."

"Basi mfukuze!" fundi alinong'ona.

"Mimi ni nani nimfukuze mtoto wa mtu? Aliyempokea ndiye wa kumkana. Tena amkane anaposalimu, kwa kutomwitikia, si vinginevyo."

"Nitamjuaje kama ni yeye au ni Kinanda wangu?" mama aliuliza.

"Hutamjua."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. Haikuwa rahisi kumlaumu. Sauti ile ndiyo iliyokuwa imembakiza hai tangu miguu ilipokufa. Mwishowe ikakubaliwa: hataitikia tena salamu ambayo haoni kinywa kinachoitoa, hata kama ni ya mwanawe wa kumzaa, hata akilia.

Mchana uliofuata umeme ulikuwa umerudi kule studio, na mganga naye alikuwa amerudi. Fundi akawasha simu, akainama na kiganja chake tayari.

"Ondoa mkono, mama yangu," mama akamwambia. "Hili si lako."

"Shikamoo mama, popote ulipo," sauti ikasema.

Kimya.

"Mama?" Ilitetemeka kidogo. "Mama, upo?"

Tangu ile simu ya uani Kinanda naye alikuwa na wasiwasi; fundi hakujua ni yupi kati yao. Mganga naye alitazama chini. Mama akageuza uso ukutani, akauma upindo wa shuka, hakuitikia.