Kwa Hiari Yangu

Yaliyomkuta rafiki yetu Naseeb, fundi cherehani wa Tukuyu, hatumtanii nayo, na sisi tunatania hata misibani.

Mkewe Suad alikuwa amerudi kwao Kisondela na talaka mbili. Ya tatu isingekuwa na kurudiana. Kwa kuwa mdomo wa Naseeb unakata kuliko mkasi wake, asubuhi aliiomba akili mnemba ya kwenye simu imwandikie maneno ya kuomba radhi. Ikaandika. Akaona atasoma akifika, akadandia bodaboda.

Alasiri ukungu uliziba madirisha mpaka wakweze wakawasha taa. Mvua ilipiga bati.

“Umekuja na mdomo ule ule, baba?” mama mkwe akauliza.

Simu ikabaki mfukoni. Samahani ilikuwa ulimini, likatoka jingine: “Suad, nimekuacha.”

Mvua ikakatika. Yakasikika matone tu, migombani.

“Kwa hiari yako?” baba mkwe akauliza taratibu.

“Kwa hiari yangu.”

Njiani, machozi yakimtoka, alifungua simu aone alichopaswa kusema. Ujumbe ulikuwa wa saa mbili asubuhi, mistari mitatu:

Suad, nimekuacha.
Kwa hiari yako?
Kwa hiari yangu.