Tiketi ya Bure ya Mheshimiwa

Kila asubuhi Orpha Prouty alijaza jiko mahindi. Hayakuwa ya kupika, yalikuwa kuni. Kampuni ya reli ilitoza mno kuyasafirisha, hata wakulima wa Kansas, Marekani, wakaona heri wayachome. Kwa uchungu huo walimchagua baba yake Orpha, Asahel, mkulima mwenzao, aende bunge la jimbo kuibana reli hiyo.

Jumamosi moja Orpha alipeleka siagi mjini. Karani wa stesheni akamwita.

"Binti wa mheshimiwa! Mpe baba tiketi hii. Mtapanda treni bure, nyumba nzima, mwaka mzima."

Orpha alitamani sana kumwona baba akiapishwa bungeni, katika mji mkuu wa jimbo, lakini nauli yake haikuwepo. Akaipokea, akashukuru.

Jirani yao, mzee Gundersen, alikuwa akifunga farasi wake pale nje, akaiona tiketi mkononi mwa Orpha. "Ehee! Mheshimiwa kaanza kunenepa mapema!" Alicheka, ila macho yake hayakucheka.

Nyumbani, baba aliitazama tiketi, akatikisa kichwa.

"Baba, kwani tumeiomba? Si wametupa wenyewe?"

"Anayekulisha bure hukufunga mdomo, mwanangu. Nitaisemaje reli nami nimebebwa nayo?"

"Basi sitakuona ukiapa."

"Hutaniona," alisema baba.

Orpha alilia. Mama alimshika mkono, wakapiga magoti wote watatu, wakaomba. Orpha alipoinuka, alijifuta machozi. "Niliipokea mimi. Nitairudisha mimi."

Jumatatu baba alimsindikiza, akabaki mlangoni. Wakulima walikuwa wamejaa stesheni, Gundersen miongoni mwao.

"Hatuwezi kuichukua," Orpha alimwambia karani.

"Wabunge wenzake wamepokea, mtoto wewe! Mnajifanya malaika?"

"Mimi si malaika. Nilitaka sana kwenda." Akaiweka mezani.

Gundersen akavua kofia. "Asahel, nilikudhania vibaya. Nisamehe."

"Hukukosea kutuchunga," baba alijibu. "Endelea kutuchunga."

Siku ya safari theluji ilianguka. Baba alijiandaa kuondoka peke yake kwa gari la farasi, maana njia ilikuwa ndefu na baridi mno kwa mtoto. Orpha alisimama langoni, akijikaza asilie.

"Sikiliza, mwanangu," baba alisema akishika hatamu. "Watu hudhani uaminifu ni kukataa kitu kibaya. Hapana. Ni kukirudisha kile unachokitamani, kwa kuwa si haki yako. Mimi naenda kuapa kwa mdomo. Wewe umekwisha kuapa kwa mikono yako."