Nani Anakufunga Mkanda wa Bega?

Kila jioni fundi rangi alirudi nyumbani na rangi hadi kwenye nyusi. Mkewe alimpokea ndoo ya brashi, kisha akamsaidia kuvua shati. Bega la kulia la mume lilikuwa limeshateguka mara tatu. Kwa hiyo kazini alivaa mkanda wa bega wa mpira, alioununua dukani bila kupimwa. Ulimpwaya, na vifungo vyake vilikaa mgongoni.

Jioni moja mke alishtuka. Asubuhi mume aliondoka na mkanda mfukoni. Sasa ulikuwa umefungwa vizuri kabisa.

"Mgongoni mkono wako haufiki. Nani anakufunga?"

"Fundi vigae."

"Mwanamume?"

"Fundi, mke wangu."

"Nimekuuliza, ni mwanamume?"

Mume akaomba maji ya kunywa.

Basi! Wivu ukampanda mama wa watu. Asubuhi alimfunga mwenyewe. Alikaza kwa nguvu zote, akamalizia kwa mafundo ambayo mwanamke mwingine asingeyafungua.

"Unaniumiza!"

"Vumilia. Si unapenda kufungwa?"

Kazini vidole vya mume vilianza kufa ganzi. Akaukata mkanda kwa kisu, akapanda ngazi, akanyoosha mkono kupaka rangi dari. Bega likachomoka. Fundi vigae alimfungia mkono kifuani kwa kanga yake, taratibu, bila kuuvuta, akampeleka hospitali. Daktari akalirudisha bega mahali pake.

Baada ya wiki kadhaa za kupumzisha mkono, mume na mke walikwenda kwa mtaalamu wa viungo. Naye alikuwa mwanamke.

"Na huyu naye!" mke alinong'ona.

Mtaalamu aliuchukua mkanda uliokatwa. "Nani alikaza hivi?"

"Mimi," mke alijibu, macho chini. "Niliona wivu."

"Wivu hautibu bega, dada. Huu wa mpira unapasha joto tu. Hauzuii mkono kwenda juu na nyuma, na bega lake huchomokea huko. Anahitaji wenye kamba ya kuzuia mkono. Tutampima kifua na mkono. Ukaze, lakini vidole viwili vipite chini yake. Akihisi ganzi, aulegeze."

"Vifungo viwe mbele!" mke alidakia. "Ajifunge mwenyewe."

Mtaalamu alicheka. "Hapo umesema kweli, ingawa najua wazo hilo limekutoka wapi. Lakini mkanda peke yake hautoshi. Afanye mazoezi ya kuimarisha misuli, na daktari ataamua kama anahitaji upasuaji. Dari awaachie wengine."

Fundi rangi akabaki na kuta. Miezi ikapita, bega likatulia. Kila asubuhi alijifunga mwenyewe, chapchap, mkewe akimtazama. Sasa mke aliuonea wivu hata huo mkanda.

"Siku hizi huna shida na mtu," mke alinuna.

"Nina shida sana. Yale mazoezi ya jioni. Mtaalamu alisema mke anishikie kiwiko, kisiachane na ubavu."

Mke alikuwepo siku ile, na alisikia kila neno. Mtaalamu hakusema hivyo hata kidogo.

Akasogea, akakishika kiwiko.