Doa la Kijani kwenye Kola

"Vua kofia, kaa hapo, uniambie huyu mwanamke ni nani."

Mpimaji ardhi alikuwa hajamaliza hata kufunga mlango wa saluni. Mchumba wake, mpambaji wa maharusi anayejulikana mtaa mzima kwa mkono mwepesi na ulimi mkali, alikuwa amelitandaza shati jeupe la mpimaji chini ya taa ya kioo.

"Mwanamke gani tena?"

"Wa hapa." Akaigonga kola kwa kidole. "Jana ulibadilisha nguo ukaliacha shati. Nikasema nikufulie, kiherehere changu. Nikakuta doa. Sasa mimi doa la vipodozi linaniambia mengi kuliko wewe. Huyu mwenzangu ni mweupe, mweupe wa kuzaliwa, si wa kujichubua. Ngozi yake nyepesi, inawaka upesi. Unaiona hii kijani chini ya poda? Kijani haipakwi kwa urembo, ni ya kuua wekundu. Tena hajui kupaka, amesugua kama anasugua sufuria!"

Mpimaji akainama kulitazama doa. Pembe ya mdomo ikamcheza.

"Unacheka?"

"Sicheki. Endelea. Ana umri gani?"

"Usinichezee! Na ujumbe je? Jana simu yako ilikuwa kwenye chaji pale. Mimi si mpekuzi, ila macho hayana pazia: 'Ile ya kijani imefika. Pitia leo, mchumba wako asijue.' Nani huyo?"

"Ni mama wa duka la dawa."

"Kumbe ana na watoto!"

Hapo machozi yakamtoka, naye akayafuta kwa hasira.

"Jumamosi tunakwenda kwa baba. Kama una mwingine niambie leo, niaibike leo, kuliko kuaibika mbele ya wazazi wangu."

Kicheko kikamwisha mpimaji. Akavua kofia yake ya kazini, akachukua kitambaa chenye maji mezani, akajifuta shavu moja. Kitambaa kikatoka na rangi ileile ya kwenye kola. Shavu likabaki jekundu, mishipa midogomidogo imejichora mpaka puani.

"Mwanamke wako huyu hapa," akasema. "Ana na ndevu."

Mpambaji akatazama shavu, akatazama kola. Doa lilikuwa kwa ndani, panapogusa shingo ya mwenye shati. Miaka tisa ya kazi, na jambo dogo kama hilo hakuliona. Wivu ulikuwa umempofusha.

"Mimi nilidhani ni jua la kazini."

"Jua linaongeza tu. Chai ya moto nayo, pilipili, hata aibu. Ni ugonjwa, daktari wa ngozi anauita rosasia. Hauambukizi, ila hauponi kabisa, unatulizwa tu. Mchumba niliyekuwa naye kabla yako, mjomba wake aliniuliza mbele za watu nimemaliza chupa ngapi. Posa ikafia pale mezani. Halafu wewe ukaniambia kazi aliyostaafu baba yako!"

Baba alikuwa mkaguzi wa madereva wa mabasi. Miaka thelathini, kila alfajiri, alisimama getini akiwatazama madereva usoni, na mwenye dalili ya pombe alirudishwa nyumbani bila maneno mawili. Nyumbani kwake nako alikuwa na sheria moja: mlevi haoi hapa.

"Kwa hiyo ukaanza kujipaka kwa siri? Mimi mpambaji, wewe ukafundishwe na mama wa duka la dawa?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Kwenye kiti hiki wamekaa wengi, na siri ya kiti haitoki nje. Hata baba yangu alishakaa hapo, mlango umefungwa, na mama hajui mpaka leo."

"Alitaka nini?"

"Nimekwambia siri ya kiti haitoki nje."

Jumamosi asubuhi mpambaji akamkalisha mchumba wake kitini. Akamsafisha uso kwa maji ya uvuguvugu, akaukausha kwa kuubonyezabonyeza na taulo. Akampaka mafuta yasiyo na manukato, kisha krimu ya kuzuia jua. Ile ya kijani akaigusisha penye wekundu tu, halafu rangi ya ngozi yake mwenyewe, kidogo sana, kwa sponji yenye unyevu.

"Usisugue kamwe. Ukiisugua inakasirika. Ina hasira kama mimi."

"Basi nimeshazoea."

Mpimaji alipojitazama kwenye kioo alijigusa shavu taratibu.

"Siku nyingi sijaonana na huyu," akasema, na mpambaji akampenda upya.

Kwa wazazi mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipoletwa chai. Ilikuwa ya moto, inafuka. Baba, mzee wa masharubu meusi tii kuliko umri wake, akasema, "Kunywa, kijana." Nani angekataa? Joto na woga vikashirikiana. Jasho likamtoka mpimaji, akasahau somo lote, akatoa leso akasugua. Shavu zima likajitokeza.

Baba akaweka kikombe chini.

"Kijana, umekunywa nini?"

"Chai, mzee."

Mama akacheka peke yake.

"Nakuuliza kabla ya kuja hapa."

Mpambaji akafungua mdomo. Mpimaji akamgusa mkono.

"Sijanywa, mzee. Sinywi kabisa. Huu ni ugonjwa wa ngozi, ninao miaka mingi. Leo nimepakwa rangi ili usiuone. Niliogopa jicho lako, nikaogopa kumkosa binti yako. Kukuficha nimekosea. Uso wangu ndio huu."

Akafuta na shavu la pili.

Baba akamwinamia, akamkagua kama dereva wa alfajiri: macho, pua, pumzi.

"Macho safi. Pumzi safi." Akamgeukia binti yake. "Ni wewe uliyempaka?"

"Ndiyo, baba."

"Na hukumwambia lolote kunihusu?"

"Siri ya kiti, baba."

Mzee akashusha pumzi. Akamwomba mgeni ile leso, akaichovya kwenye glasi ya maji, akajifuta masharubu. Upande mmoja ukawa mweupe kama pamba.

"Wanja," akasema. "Kila asubuhi. Alinifundisha yeye. Miaka thelathini nimewahukumu watu kwa sura zao, na yangu mwenyewe naificha. Sasa tuko sawa, mwanangu. Utamwoa. Ila chai iache ipoe kwanza."

Mpambaji akaangua kilio cha furaha. Mama tu hakucheka wala hakulia.

"Miaka minne," akasema polepole. "Miaka minne naona madoa meusi kwenye foronya, nimekaa kimya, nimemnunia jirani yetu anayepaka wanja mpaka kwenye nyusi! Kumbe mwanamke mwenyewe ni wewe?"

"Ana na masharubu," mpimaji akasema.

Siku ya harusi, jirani wa wanja aliketishwa meza ya mbele kabisa, na mama alimpakulia kwa mkono wake mwenyewe.