Machela Isiyokauka

Tone la kwanza lilimwangukia Bi Kavu utosini mchana kweupe, ndani ya banda lake la kuanikia, katika majira ambayo hata vyura walikuwa wamesahau sauti zao. Alitazama juu. Palikuwa na machela ya mumewe tu, kile kitanda cha kitambaa ambacho watu wa kambi hukifunga kati ya miti miwili wakalala wakining'inia. Aliifua juzi, na mpaka sasa ilikuwa ikichuruzika.

Jambo hilo lilimuudhi kabla ya kumtisha. Kazi yake ilikuwa kufua na kukodisha vifaa vya kulalia porini: machela, vyandarua, mifuko ya kulalia, na blanketi za manyoya ya bata zinazotaka kukung'utwa mpaka mkono ufe ganzi ili manyoya yasigande mabonge. Jina la Bi Kavu alipewa na waongozaji wa wageni, maana hakuna kitu kilichotoka kwake bila kupitishwa kwanza shavuni. Shavu likihisi ubaridi, kitu kinarudi kambani.

"Kitu kibichi hakiingii mfukoni," alizoea kuwaambia. "Ukifunga unyevu, umefunga ugomvi."

Alimwita wifi yake, dada wa mumewe, ambaye walifanya kazi pamoja.

"Wifi, hii umeirudisha majini?"

"Mimi? Kwani nimekuwa samaki?"

Wifi aliikamata machela akaikamua kwa nguvu zake zote, na nguvu anazo. Halikutoka hata tone. Alipoiachia, ikaanza tena, to, to, to, na banda likajaa harufu ya majani yaliyoozea chini ya jiwe. Kisha wote wawili wakaona kwamba kitambaa kimebonyea katikati, kikashuka taratibu, kama kinavyoshuka mtu mzima anapojilaza.

"Upepo," alinong'ona wifi.

Kamba nyingine zote zilikuwa zimetulia tuli.

Mume wa Bi Kavu alikuwa mwongozaji. Alirudi kutoka porini na kikohozi, na tangu arudi alikuwa hapati joto. Mtu ambaye hakuwahi kulala mchana maishani mwake, tangu siku ya lile tone, jua likipanda tu anaondoka mezani na kwenda kujilaza kwenye machela ile ile. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mfuaji. Bi Kavu alimfunika blanketi tatu kavu kabisa, na alipozifunua zilikuwa zimeota kuvu. Kila siku mume alitoka mle akiwa mwepesi zaidi. Alipomshika mkono amwinue, alihisi anainua nguo.

"Niambie ukweli," alimwambia. "Kule porini ulifanya nini?"

Mume alikohoa. "Nilikata zile nyuzi."

Bi Kavu alielewa papo hapo. Kwenye kila kamba ya machela, karibu na kichwa na karibu na miguu, hufungwa uzi mfupi wa kuning'inia. Maji ya mvua yakishuka kwenye mti na kufuata kamba, yakifika kwenye uzi huteremka nao na kudondoka chini, yasimfikie aliyelala. Ni kitu kidogo ambacho mwongozaji hakiachi, sawasawa na mpishi asivyoacha mwiko.

"Mgeni alikatikiwa na kamba ya kiatu," alisema mume. "Nikampa nyuzi zote mbili. Usiku nikafunga machela kwenye mti mkubwa wa chemchemi. Maji yakanifikia, mke wangu, na mvua haikunyesha. Asubuhi wageni wananiharakisha, nikaikunja hivyo hivyo mbichi. Niliona aibu kukwambia."

"Aibu inakufunika vizuri kuliko blanketi zangu?" alisema Bi Kavu, lakini alimpa mgongo ili asimwone akilia.

Mganga alikuja, mtu mpole mwenye viatu safi. Alinusa mlangoni, akagusa kamba, akaufuta mkono wake haraka kwenye suruali.

"Ni jini la chemchemi," alisema chini chini. "Maji ndiyo njia yake. Alishuka na maji ya mti, akafuata kamba mpaka kwa mtu. Hana ubaya. Anataka mahali pa kulala tu. Mwachieni hili banda, hameni, naye atamwachia mgonjwa."

"Atamwachia lini?"

"Hilo hakusema."

"Basi huyo hajaomba nyumba, mganga. Amechukua." Bi Kavu alimsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote, akarudi mbio bandani.

Alimkuta wifi na kisu mkononi, na mume keshajilaza. Jua lilikuwa la utosi. Wifi aligusisha kisu kwenye kamba, na palipoguswa pakalowa, na ule ulowevu ukapanda nguzo, ukatambaa kwenye boriti juu ya vichwa vyao, taratibu, bila haraka yoyote, ukielekea rafu ya blanketi kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake, na machela nayo ikaanza kujifumba, pindo la kulia likilitafuta pindo la kushoto juu ya kifua cha mume, na ndani yake ikaonekana migongo miwili, mmoja wa mume na mwingine mrefu kuupita, umejikunja nyuma yake, na ile harufu ikawa nzito mpaka wifi akaangusha kisu na kuziba mdomo kwa mikono miwili.

"Wifi," alinong'ona, "tukimbie."

"Kimbia wewe ukalete bati. Lile lililo juani."

Bi Kavu alishika mkanda wa aproni yake, mkanda mrefu wa pamba, akauchana vipande viwili na kubakiza kijisehemu tu kiunoni. Alikosea fundo mara mbili. Alifunga kimoja kwenye kamba ya kichwani, kingine kwenye ya miguuni, na chini ya vyote viwili, mlangoni jua linapoingia, wifi akaburuta bati lililokuwa likichoma vidole.

Mume alifumbua macho. Sauti iliyomtoka haikuwa yake.

"Nimesimama ndani ya mti tangu ukiwa mche. Sijawahi kulazwa. Niache."

"Pole," alisema Bi Kavu, na kwa kweli alimwonea huruma. "Lakini hapo pana mwenyewe. Anakoroma, ana jino bovu, haambiliki, na ni wangu. Shuka."

Kamba ilitetema. Kisha tone likajitokeza kwenye uzi, likaning'inia, likaanguka kwenye bati. Chwii. Likakauka. Likaja la pili na la tatu, kisha mfululizo, na kila lililokauka lilitoa mlio mwembamba wa mtu anayeamshwa usingizini, na Bi Kavu alisimama pale akitazama moja moja mpaka pindo za machela zikaachana na mumewe akapiga chafya. Alipopitisha shavu kwenye paji lake, lilikuwa na joto na kavu.

Wifi alitaka machela ichomwe. Bi Kavu akakataa.

"Tukiichoma, atatoka na moshi aende popote. Hapa najua alipo."

Wakaiacha ikining'inia tupu na nyuzi zake mbili, nje, juu ya bati. Mume akanenepa, akaanza tena kubishana. Siku moja Bi Kavu alikuwa akianika vyandarua, akahisi ubaridi kiunoni. Alishika kile kijisehemu cha mkanda kilichobaki. Kilikuwa kimelowa, na kilinuka majani yaliyooza.

Alisimama kidogo. Kisha akakata uzi mwingine wa pamba, akaufunga hapo hapo kwenye fundo, ukaning'inia nyuma yake hadi karibu na ardhi, akaokota chandarua kilichofuata.

"Wifi," dada wa mumewe alimwita, akicheka kwa woga. "Mbona umeota mkia?"

"Acha uote," alisema Bi Kavu. Nyuma yake vumbi lilipokea tone moja, likalinywa. "Kwangu hakai mtu mbichi."