Presha Iko Sawa

Majirani zangu wa Gisozi, nanyi mnaonisoma kutoka mbali, nataka kuwaeleza yaliyoipata nyumba ya Bayingana, fundi wa vitanda na makabati pale Agakiriro, soko letu la mafundi seremala. Mkewe ni Mugeni, mshonaji, mwanamke mpole anayecheka huku ameficha mdomo. Walikaa miaka mingi bila mtoto, na mwaka huu Mungu akawakumbuka.

Mugeni alijifungua kwa upasuaji asubuhi moja ya mvua, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto wa kike, mzima, wakamwita Kaze. Kufika mchana chumba kilikuwa kimetulia. Mtoto amelala, baba yake amekwenda kupeleka habari kazini, na mama mkwe, Mama Athanasie, aliyekuwa akimwangalia mgonjwa, anajimiminia igikoma, uji wetu wa mtama.

"Mama, nina kiu," Mugeni alisema.

"Si umekunywa maji sasa hivi?"

"Bado nina kiu. Na baridi."

Mama Athanasie akachukua blanketi zito alilokuja nalo kutoka nyumbani, akamfunika mpaka kidevuni. Hakuwa mwanamke mbaya. "Mimi nimezaa sita," akasema, "na sikusumbua mtu. Nyinyi wa siku hizi mnadekezwa."

Nesi wa zamu alikuwa Pretty, aliyekulia Mbarara, mwenye mkono mwepesi wa sindano na jina zuri kwa wagonjwa. Siku hiyo wodi ilijaa, naye alikuwa peke yake. Akamfunga Mugeni kipimo mkononi, akatazama kioo cha mashine.

"Presha iko sawa."

"Sista, sijisikii vizuri. Moyo unanienda mbio."

"Ihangane, vumilia, mpenzi. Ni dawa ya usingizi inatoka mwilini. Kila mtu iko hivyo."

Hapa nisimame kidogo. Pretty hakudanganya, presha ilikuwa haijashuka. Lakini mwili unaopoteza damu hujitetea: moyo hukimbia, mishipa hujibana, na presha hubaki juu mpaka nguvu zimwishie mtu, kisha huanguka ghafla. Kwenye kioo kile kile palikuwa na namba ya mapigo ya moyo, na kila Pretty aliporudi kupima ilikuwa imepanda. Aliiona. Hakujiuliza kwa nini. Wala hakumshika mgonjwa, wala hakufunua blanketi.

Mugeni akaanza kujigeuza na kuvuta shuka. Akauliza Kaze yuko wapi, akajibiwa, akauliza tena, na mtoto yuko ubavuni pake. Halafu akanyamaza. Mama Athanasie akamshukuru Mungu kwamba mkwewe hatimaye amepata usingizi.

Alasiri akaingia Shafiq, nesi wa zamu ya pili, mtu wa Nyamirambo. Pretty alitaka kumkabidhi wagonjwa pale mezani, karibu na mlango.

"Huyu wa dirishani?" Shafiq aliuliza.

"Amepasuliwa asubuhi. Presha iko sawa, amelala."

"Twende tukamwone."

"Nimeshakuambia iko sawa, Shafiq. Nimechoka."

"Najua umechoka. Twende tu."

Shafiq alimsalimia Mugeni kwa kumpa mkono, kama tunavyosalimiana sisi sote. Mkono ule ulikuwa baridi na umelowa jasho. Hakuuachia. Akatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, akayakuta membamba, yanakimbia.

"Mugeni, unanisikia?"

Macho yalifumbuka nusu, yakafumba. Shafiq akafunua blanketi. Shuka lilikuwa jekundu kutoka kiunoni mpaka magotini.

Mama Athanasie alisimama, akakaa tena.

"Kizazi kimelegea," Shafiq alisema, mkono wake ukiwa umeshabonyeza tumbo na kuanza kulikanda kwa nguvu. "Mwite daktari."

Kuanzia hapo siwezi kumlaumu Pretty kwa lolote. Alimwita daktari, akaweka oksijeni, akapata mshipa wa pili wa dripu kwa jaribio la kwanza, akaingiza dawa ya kukaza kizazi, akaagiza damu.

"Presha?" Shafiq aliuliza bila kuinua kichwa.

"Inashuka."

"Pima tena."

"Imeshuka sana."

Wakasukuma kitanda mbio kuelekea chumba cha upasuaji. Mama Athanasie akabaki na mtoto mikononi, na mtoto akaanza kulia njaa.

Bayingana alifika akiwa na unga wa mbao kichwani. Daktari Ntare alimkuta amesimama ukumbini.

"Yuko hai," daktari alisema. "Lakini damu ilikataa kusimama. Tumelazimika kuondoa kizazi."

"Anaongea?"

"Bado. Ataongea."

Bayingana akakaa chini sakafuni.

Je, kama blanketi lingefunuliwa mapema, kizazi kingepona? Daktari alisema, "Huenda." Neno hilo, "huenda", limehamia nyumbani kwao, na hakuna anayejua namna ya kulitoa.

Kabla hawajaruhusiwa, Pretty alikuja kitandani. Hakutaja wodi iliyojaa, ingawa ilikuwa kweli.

"Uliniambia, Mugeni. Mimi nikasikiliza mashine."

Mugeni alikuwa ananyonyesha.

"Niliona nawasumbua," akasema. "Ndiyo maana nilinyamaza. Ningekufa na adabu yangu."

Mama Athanasie, aliyekuwa akikunja nguo za mtoto, alizikunjua akaanza upya.

FUNZO

Kumuuguza mtu kunaanza na kumgusa na kumtazama. Mashine ni msaidizi, na namba moja nzuri haitoshi kuusemea mwili mzima. Nesi anayepima ajiulize namba hii imetoka wapi na inaelekea wapi, na anayekabidhi zamu akabidhi kando ya kitanda. Kiu isiyokwisha, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na hata utulivu wa ghafla: hizo ni dalili, si deko.

Sisi ndugu tunaokaa na wagonjwa tuna lawama yetu pia. Tuache kupima maumivu ya mwenzetu kwa uzazi wetu wa zamani. Tumwite nesi, na akiondoka bila kumgusa mgonjwa, tumwite tena.

Nawe uliyelala kitandani, ukijisikia vibaya, sema. Wasipokuelewa, sema tena kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna hospitali duniani inayotoa zawadi kwa mgonjwa aliyekufa bila kusumbua mtu.