Choo Kinaniuma

Seremala na mkewe mshonaji walikuwa na binti mmoja wa miaka minne. Walimwita Chiriku kwa sababu ya maneno mengi. Alianza kusema kabla hajafumbua macho vizuri, akaacha alipolala.

Asubuhi moja Chiriku alitoka chooni analia.

"Baba, choo kinaniuma!"

Seremala aliweka randa chini akaingia chooni na tochi. Akamulika kila pembe. Hakuona hata sisimizi.

"Labda ni nge," mkewe alisema.

"Umemwona?"

"Nimwone wapi, na wewe umeziba mlango?"

Seremala aliung'oa mlango ili mwanga uingie. Akamwaga maji ya moto, akafukiza moshi. Mkewe akatundika pazia.

"Haya, nenda mwanangu. Hakiumi tena."

Chiriku aliingia. Akalia tena. "Kimeniuma!"

Baba mtu akaenda kuchuchumaa mwenyewe. Hakuumwa na kitu. Akatoka anakuna kichwa.

Tangu hapo Chiriku alijificha nyuma ya mbao, amebana miguu. Akaanza kujikojolea.

"Msichana mkubwa hivi!" mama yake aligomba. Wakampunguzia maji ya kunywa. Mkojo ukawa mchache, wa rangi nzito, wenye harufu kali. Kilio kikazidi.

Kisha ikaja homa. Hakuwa na mafua wala kikohozi. Akalala kimya. Chiriku kunyamaza! Hapo wazazi wakaogopa, wakambeba hadi zahanati.

"Mtoto ana nini?" muuguzi aliuliza.

"Homa," alisema seremala. "Tena chooni kwetu kuna mdudu anamuuma. Nimemtafuta mpaka nimeng'oa mlango."

Muuguzi alimwinamia Chiriku. "Mama mdogo, kinakuuma ukichuchumaa tu, au mkojo ukitoka?"

"Mkojo ukitoka. Unachoma. Na hapa." Chiriku alishika tumbo chini ya kitovu.

Muuguzi akamgeukia seremala. "Baba, mtoto anasema anasikia maumivu. Wewe umekwenda kutafuta meno."

Mkojo ulikingwa kwenye kikopo safi, ukapimwa. Daktari akaandika dawa, muuguzi akaeleza.

"Vijidudu vimeingia kwenye njia ya mkojo. Vikiachwa, hupanda hadi kwenye figo. Figo likipata kovu, kovu halifutiki."

"Kwa hiyo mdudu yupo!" alisema seremala.

"Yupo. Lakini huyu hauawi kwa kiatu."

Mshonaji aliuliza kwa sauti ndogo, "Na maji? Sisi tulimnyima."

"Mpeni. Maji yanasaidia kuvisukuma nje. Akisikia haja, aende, asibane. Mkimtawaza, anzieni mbele mwende nyuma, uchafu wa haja kubwa usifike mbele. Dawa amalize yote, hata akichangamka mapema. Homa isiposhuka kwa siku mbili, au akitapika dawa, mrudisheni mara moja. Na siku nyingine akipata homa msiyojua chanzo chake, leteni mkojo upimwe."

Walifuata kila neno. Homa ikashuka. Maneno yakaanza kurudi, kwanza machache, halafu kama mvua.

Siku dawa ilipokwisha, Chiriku alikwenda chooni peke yake. Seremala alisimama nje ya pazia, roho mkononi. Kisha maji yakasikika.

"Baba!"

"Nini tena? Kinauma?"

"Hakiumi. Lakini Baba, naona miguu yako. Turudishie mlango!"

Seremala akaenda kutafuta bisibisi.